Jinsi ya kuomba marekebisho ya masomo na mitihani chuoni ukiwa na ulemavu: mwongozo kamili

Barua nyingi za wanafunzi wenye ulemavu hukwama mahali pamoja. Mwanafunzi anaeleza ugonjwa wake, anaambatanisha cheti cha daktari, kisha anamalizia na "naomba msaada wenu". Afisa anayeipokea anamwonea huruma, anaiweka kwenye faili, na mambo yanabaki kama yalivyokuwa. Hajaambiwa afanye nini, lini, wala amshirikishe nani. Mitihani inafika, karatasi ni ileile yenye maandishi madogo, chumba ni kilekile cha ghorofa ya tatu.

Mwongozo huu unakupitisha kuanzia siku unayokusanya nyaraka hadi siku ya mtihani, na hata baada ya kukataliwa kama itafikia huko. Jambo moja linapita katika hatua zote: omba marekebisho yenye jina, kipimo na tarehe.

Marekebisho ni badiliko lolote katika namna ya kufundishwa, kusoma au kupimwa, linaloondoa kizuizi bila kushusha kiwango cha somo. Maswali yanabaki yaleyale na usahihishaji ni uleule. Shika hilo vizuri, kwa sababu kuna mhadhiri atakayekuuliza kama unataka upendeleo.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Ripoti ya mtaalamu wa afya au wa elimu maalumu (Hatua ya 2 inaeleza iwe na nini ndani yake).
- Orodha ya masomo yako ya muhula, pamoja na ratiba ya vipindi na vyumba.
- Kalenda ya chuo yenye tarehe za majaribio na mitihani.
- Kanuni za mitihani za chuo chako. Tafuta kifungu kinachotaja ulemavu, mahitaji maalumu au ugonjwa, uandike namba yake.
- Nakala ya marekebisho uliyowahi kupewa sekondari au katika mtihani wa taifa, kama yapo. Karatasi hiyo ina uzito mkubwa: inaonyesha kwamba jambo hili limeshafanyika na halikumshinda mtu.
- Barua pepe unayoitumia kila siku, na daftari moja la kuandikia tarehe, jina la ofisi na ulichojibiwa.

Huna ripoti bado? Usisubiri. Anza Hatua ya 1 na peleka barua ikisema ripoti iko njiani. Kuna marekebisho ambayo hayahitaji cheti chochote, kama kuhamisha kipindi kwenda chumba cha chini.

## Hatua ya 1: Andika vizuizi vyako, somo kwa somo

Chukua ratiba. Kwa kila somo jiulize maswali manne: Naingiaje darasani? Napataje kinachosemwa na kinachoandikwa ubaoni? Nasomaje vitabu na maandiko? Napimwaje?

Andika kinachokukwamisha katika lugha ya matendo. "Nina uoni hafifu" haimwambii mtu afanye nini. "Sisomi maandishi ya ubaoni hata nikikaa mstari wa mbele, na herufi za karatasi ya mtihani nazisoma kwa shida zikiwa chini ya pointi 18" inamwambia kila kitu.

Kwa nini somo kwa somo? Kwa sababu ulemavu mmoja hauzuii mambo yaleyale kila mahali. Mwanafunzi kiziwi anaweza kufanya mtihani wa kuandika wa takwimu bila mkalimani, lakini semina ya watu kumi wanaozungumza kwa kupokezana ikamwacha nje kabisa. Anayetumia kiti cha magurudumu hana tatizo na ukumbi wa mihadhara, ila meza za maabara zina urefu wa mtu aliyesimama.

Ulemavu usioonekana uandike kwa uangalifu zaidi: kifafa, selimundu, disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), maumivu ya kudumu, hali za afya ya akili. Hapa swali la tano linaongezeka: siku mbaya inafananaje, na inakuja mara ngapi? Ofisi inaelewa haraka ikiambiwa "maumivu yakinishika siwezi kuhudhuria kwa siku kadhaa mfululizo, na siwezi kujua mapema yatakuja lini".

Umefaulu hatua hii ukiwa na ukurasa mmoja au miwili ambao mtu asiyekujua akiusoma anaona darasa lako kwa macho yako.

## Hatua ya 2: Mwambie daktari aandike unachohitaji

Daktari aliyeachwa peke yake ataandika jina la ugonjwa, dawa, na "asaidiwe ipasavyo". Kwa ofisi ya mitihani, maneno hayo hayana kazi.

Nenda kliniki na ukurasa wako wa vizuizi. Mwombe ripoti itaje mambo haya:

1. Hali yako ni ya kudumu, ya muda, au inayobadilikabadilika.
2. Inaathiri nini katika kusoma, kuandika, kusikia, kutembea, kukaa muda mrefu, kukumbuka au kuwa makini.
3. Marekebisho gani anayapendekeza, na kwa kiasi gani.
4. Ripoti ni halali hadi lini. Kama hali ni ya kudumu, aandike wazi kwamba haihitaji uchunguzi mpya kila mwaka. Sentensi hiyo moja itakuokolea foleni za miaka mitatu au minne.

Toa nakala. Ripoti halisi usiiache ofisi yoyote, hata ukiahidiwa itarudi kesho.

Na hapa kuna jambo la siri yako. Ripoti kamili inatosha kuonwa na ofisi moja, ile inayoshughulikia wanafunzi wenye ulemavu au mlezi wa wanafunzi. Wahadhiri wanahitaji kujua marekebisho tu. Mhadhiri wa uchumi hana haja ya kujua unatumia dawa gani za sonona. Anahitaji kujua kwamba una siku saba za ziada za kuwasilisha kazi.

## Hatua ya 3: Chagua marekebisho na uyape vipimo

Hii ndiyo hatua inayoangusha wengi, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Muda wa ziada. Usiandike "naomba muda wa ziada". Andika dakika kwa kila saa ya mtihani: dakika 15 kwa saa ni asilimia 25, dakika 30 kwa saa ni asilimia 50. Ukiandika hivi hutahitaji barua mpya kwa kila karatasi yenye urefu tofauti.

Kisha fanya hesabu ambayo ofisi huisahau. Mtihani wa saa 3 ukiongezwa asilimia 50 unakuwa saa 4 na nusu. Ukiwa na mitihani miwili ya namna hiyo siku moja, umekaa saa 9 kwenye kiti, na wa kwanza unaweza kugongana na wa pili. Kwa hiyo ombi la muda wa ziada liambatane na ombi la kutopangiwa mitihani miwili siku moja.

Kama tatizo lako ni uchovu, maumivu au sukari ya damu, huenda muda wa ziada sio dawa. Omba mapumziko yasiyokula muda wa mtihani: saa inasimama unapotoka, inaendelea unaporudi.

Maandishi makubwa. Hapa pana mtego. Ofisi ikisikia "maandishi makubwa" inachukua karatasi ya A4 na kuitoa fotokopi kwenye A3. Herufi za pointi 12 zinakuwa kama 17 hivi, kingo zake zimefifia, na karatasi haienei mezani. Omba faili la mtihani lipangwe upya kwa pointi 18 au 24 (taja namba yako) na lichapwe kwenye A4, pamoja na michoro na majedwali. Michoro ndiyo inayosahaulika.

Mwanafunzi mwenye ualbino aongeze kiti cha mbele kilicho mbali na dirisha, kwa sababu mwanga mkali unaumiza macho kuliko udogo wa herufi, na ruhusa ya kutumia darubini ndogo ya mkononi au kupiga picha ubao. Kwa mafunzo ya nje omba ratiba ya asubuhi au jioni.

Nukta nundu na sauti. Ukurasa mmoja wa maandishi ya kawaida hutoa kurasa mbili au tatu za nukta nundu, na lazima mtu anayejua nukta nundu aupitie kabla ya kuchapwa. Kwa hiyo karatasi yako inachelewa kuliko ya wenzako wote. Taja pia somo lenye hesabu, ramani au grafu, kwa kuwa michoro ya kupapasa hutengenezwa peke yake.

Kama unapendelea kompyuta, omba mtihani katika faili lenye maandishi halisi na chumba chenye kompyuta iliyowekwa programu ya kusoma skrini, yaani inayotamka kwa sauti maandishi yaliyo kwenye skrini. NVDA ni ya bure kwa Windows na inakuja na sauti ya eSpeak NG, ambayo inasoma hata Kiswahili. Inasikika kama roboti mwenye mafua, lakini ukiizoea unaongeza kasi na kumpita mtu anayesoma kwa macho. Kwenye simu, TalkBack iko ndani ya Android na VoiceOver iko ndani ya iPhone.

Kabla ya kupokea faili lolote la PDF, lijaribu: tafuta neno unalojua limo ndani yake. Likipatikana, programu itasoma. Lisipopatikana, huenda hizo ni picha za kurasa na kisoma skrini kitakaa kimya. Waombe faili asilia la Word, au walipitishe kwenye programu ya kutambua maandishi kisha mtu alisahihishe.

Mkalimani wa lugha ya alama. Kwa kipindi kinachozidi saa moja, omba wawili. Ukalimani unachosha akili, na wakalimani hupokezana kila baada ya dakika 15 hadi 30. Akiwa mmoja peke yake, nusu ya pili ya mhadhara unapata vipande tu. Omba pia slaidi na orodha ya istilahi zimfikie mkalimani siku mbili kabla. Hakuna anayeweza kutafsiri papo kwa papo neno la biokemia ambalo hajawahi kuliona.

Kama unatumia shimesikio (kifaa cha kusaidia kusikia), usimwache mtu aseme "si una kifaa?". Shimesikio linakuza na kelele za ukumbi pia. Maikrofoni ndogo inayovaliwa na mhadhiri na kupeleka sauti moja kwa moja kwenye kifaa chako ndiyo inayosaidia ukumbi mkubwa. Omba mhadhiri aongee akiwa amewaelekea, na video zote ziwe na maandishi chini. Programu za simu zinazogeuza sauti kuwa maandishi, kama Live Transcribe, ni msaada mzuri wa kando. Kwa majina na istilahi hukosea vibaya, kwa hiyo zisichukue nafasi ya mkalimani.

Mwandishi wa mtihani. Kama huwezi kuandika kwa mkono, unatoa imla na mtu anaandika. Omba awe anajua tahajia za fani yako, asiwe mwanafunzi mwenzako wala ndugu yako, na mpate angalau vipindi viwili vya mazoezi. Kutoa imla ya insha ni ufundi. Lazima useme aya mpya, nukta, mabano, na uweze kurudi nyuma kusahihisha bila kupoteza mtiririko. Muda wa ziada ni lazima hapa, na chumba cha peke yenu pia, kwa sababu mtasikika.

Majengo. Kama unatumia kiti cha magurudumu, magongo, au hupandi ngazi, ombi lenye haraka zaidi ni kuhamisha vipindi. Kujenga kunachukua miaka. Kubadilisha chumba kwenye ratiba kunachukua dakika. Kama kuna ahadi ya kujenga njia ya mteremko, kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita 30 za kwenda juu zinahitaji mita 3.6 za mteremko. Nimeona mbao zilizoegeshwa kwenye ngazi na kuitwa njia ya viti vya magurudumu. Hizo ni za kuangushia watu.

Kagua na vitu vitatu ambavyo ratiba haivionyeshi: choo unachoweza kuingia na kufunga mlango, muda wa kutoka jengo moja hadi lingine, na namna utakavyotoka umeme ukikatika na lifti ikisimama.

Disleksia, umakini na afya ya akili. Chumba kidogo chenye watu wachache, kompyuta ya kuandikia, slaidi kabla ya kipindi, ruhusa ya kurekodi mhadhara, na utaratibu wa kuongezewa siku za kazi za nyumbani. Huo wa mwisho uandikwe mapema jinsi utakavyofanya kazi: unamjulisha nani, kabla ya saa ngapi, na unapewa siku ngapi. Vinginevyo utakuwa unaomba radhi kila mara, na wakati huo ndio huna nguvu hata ya kufungua barua pepe.

Usiombe kila kitu kilichotajwa hapo juu. Ombi refu linakaribisha mtu kuchagua jepesi na kuacha la maana. Chagua yanayogusa vizuizi ulivyoandika, weka la muhimu zaidi juu.

## Hatua ya 4: Andika barua yenye maombi yanayotekelezeka

Ukurasa mmoja. Kila ombi na namba yake, kila namba na mtu wa kulitekeleza, kila kazi na tarehe. Mfano huu ni wa mwanafunzi mwenye uoni hafifu. Badilisha ya ndani kulingana na hali yako:

> Kwa: Ofisi ya Mlezi wa Wanafunzi
> Nakala: Ofisi ya Mitihani, Mkuu wa Idara ya ………
>
> YAH: OMBI LA MAREKEBISHO YA MASOMO NA MITIHANI, MUHULA WA ………
>
> Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa ……, namba ya usajili ………. Nina uoni hafifu wa kudumu. Sisomi ubao nikiwa umbali wowote darasani, na nasoma maandishi yaliyochapwa yakiwa na pointi 20 au zaidi, kwa kasi ndogo. Ripoti ya mtaalamu imeambatanishwa.
>
> Naomba yafuatayo:
> 1. Karatasi zote za majaribio na mitihani zipangwe kwa pointi 20 kwenye A4, pamoja na michoro na majedwali (Ofisi ya Mitihani, kuanzia jaribio la tarehe ………).
> 2. Dakika 30 za ziada kwa kila saa ya mtihani, na nisipangiwe mitihani miwili siku moja (Ofisi ya Mitihani).
> 3. Slaidi na maandiko ya kila kipindi yanifikie kwa barua pepe saa 24 kabla (wahadhiri wa masomo yaliyoorodheshwa hapa chini).
>
> Naomba kujibiwa kwa maandishi ifikapo tarehe ………, ili marekebisho yajaribiwe kabla ya jaribio la kwanza. Naomba pia maelezo ya afya yangu yabaki katika ofisi yako, na wahadhiri wapewe orodha ya marekebisho tu.

Angalia kisichomo: hakuna historia ya maisha, hakuna "nateseka sana", hakuna kuomba huruma. Unyenyekevu wa barua za ofisi unabaki, ila ombi limesimama wima. Kama kanuni za chuo zina kifungu kinachohusika, kitaje kwa namba katika aya ya kwanza.

Ombi la kifaa, kama kompyuta, kinasa sauti au kiti, liandikiwe barua ya peke yake. Vifaa vinahitaji bajeti na bajeti hupitia njia nyingine. Ukiviweka pamoja, karatasi ya mtihani ya pointi 20 itasubiri pesa za kompyuta.

## Hatua ya 5: Peleka mapema na ufuatilie kwa maandishi

Muda mzuri ni mara tu baada ya kupata barua ya udahili, kabla hujafika chuoni. Ukiwa umeshaanza masomo, lenga wiki mbili za kwanza za muhula. Kwa nukta nundu na ukalimani, hesabu angalau wiki nane kabla ya mtihani wa kwanza.

Peleka kwa mkono na kwa barua pepe siku ileile. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri, barua yako itakuwa "haijatufikia" siku utakapoihitaji.

Baada ya siku kumi za kazi bila jibu, andika tena kwa mistari mitatu: niliwasilisha ombi tarehe fulani, mtihani wa kwanza ni tarehe fulani, naomba kujua limefikia wapi. Ukijibiwa kwa mdomo, rudi ukaandike barua pepe siku hiyohiyo: "Nashukuru kwa mazungumzo ya leo. Nimeelewa kwamba…" Hiyo ndiyo dawa ya kupigwa danadana. Ahadi ya mdomo huhama na aliyeitoa.

Hatua hii imekamilika ukiwa na barua au barua pepe ya chuo inayotaja kila ombi na jibu lake. "Tutakusaidia" halihesabiki.

## Hatua ya 6: Ongea na wahadhiri

Fupi tu. Baada ya kipindi cha kwanza au kwa barua pepe, mpe kila mhadhiri orodha ya marekebisho yaliyoidhinishwa na umwambie jambo moja analoweza kuanza nalo wiki hiyo, kwa mfano kusoma kwa sauti anachoandika ubaoni. Wengi hawakatai, hawajui. Mhadhiri akiuliza una tatizo gani, unaweza kujibu, na unaweza pia kusema kwa adabu kwamba maelezo hayo yako ofisini.

## Hatua ya 7: Jaribu kila kitu kabla ya mtihani

Tumia jaribio la katikati ya muhula kama mazoezi ya mtihani wa mwisho. Wiki moja kabla, hakikisha: chumba ni kipi na unaingiaje, msimamizi ana barua ya muda wako wa ziada, kompyuta inawaka na kisoma skrini kinaongea, vipokea sauti vipo, mkalimani au mwandishi amethibitisha, karatasi ya maandishi makubwa imeshachapwa.

Siku yenyewe fika mapema, ukiwa na nakala ya idhini mfukoni. Msimamizi wa siku hiyo anaweza kuwa mgeni kabisa.

Onyo kubwa: kama marekebisho hayapo, sema kabla mtihani haujaanza. Mwombe msimamizi aandike kwenye taarifa yake kwamba hukupewa kitu fulani, na siku hiyohiyo tuma barua pepe kwa ofisi ya mitihani. Ukifanya mtihani kimya kimya na kulalamika matokeo yakitoka, utaulizwa kwa nini hukusema, na jibu lolote litaonekana kama kisingizio cha kufeli. Ni ukatili, najua, lakini ndivyo kamati za rufaa zinavyofikiri.

## Hatua ya 8: Ukikataliwa

Omba sababu kwa maandishi. Sababu nyingi za kukataa haziwezi kuandikwa bila aibu, na kuna maombi yanayokubaliwa ghafla kwenye hatua hii.

Kisha soma sababu kwa makini. Kama ni "hatuna nyaraka za kutosha", ongeza. Kama ni "itashusha kiwango cha somo", waulize ni ujuzi gani hasa unaopimwa. Hapo wakati mwingine wana hoja ya kweli: kozi inayopima usikilizaji wa lugha haiwezi kuondoa usikilizaji wote. Lakini kasi ya kuandika kwa mkono ni nadra kuwa ujuzi unaopimwa. Kama ni "gharama", pendekeza njia ya bei nafuu inayoondoa kizuizi kilekile, ukionyesha kwamba NVDA haiuzwi.

Panda ngazi kwa mpangilio: mkuu wa idara, mlezi wa wanafunzi, kamati ya taaluma, uongozi wa juu wa chuo. Shirikisha serikali ya wanafunzi na chama cha wanafunzi wenye ulemavu. Nje ya chuo kuna vyama vya watu wenye ulemavu na taasisi za haki za binadamu.

Hoja yako ya kisheria ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na nchi zaidi ya 180. Ibara ya 24, aya ya 5, inazitaka nchi zihakikishe watu wenye ulemavu wanapata elimu ya juu bila ubaguzi na kwa marekebisho yanayofaa. Ibara ya 2 inahesabu kunyimwa marekebisho hayo kuwa ubaguzi, isipokuwa yawe mzigo uliopita kiasi. Hakikisha nchi uliyomo imeuridhia, tafuta na sheria ya nchi hiyo, kisha taja vyote viwili kwa mstari mmoja tu. Barua iliyojaa vifungu hupelekwa kwa mwanasheria wa chuo, nawe unarudi kwenye foleni.

## Hatua ya 9: Vitabu, ufadhili na mafunzo kwa vitendo

Vitabu. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu maktaba na taasisi zilizoidhinishwa, katika nchi zilizojiunga, kutengeneza nakala za nukta nundu, sauti au dijitali kwa wasioweza kusoma chapa ya kawaida, na kuzituma kuvuka mipaka bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki. Wanufaika ni pamoja na wenye disleksia na wasioweza kushika kitabu. Muulize mkutubi kama maktaba yenu imejiunga na huduma ya vitabu ya Accessible Books Consortium iliyo chini ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki na ubunifu. Asipoijua, mpe jina hilo ulivyolisoma hapa.

Ufadhili. Unapoomba, tenganisha bajeti mbili: gharama ambazo kila mwanafunzi anazo, na zinazotokana na ulemavu, kama mkalimani, msaidizi, usafiri wa pekee au matengenezo ya kifaa. Baadhi ya wafadhili wana fungu la pili pembeni ambalo hulipati usipoliomba. Erasmus+, mpango wa elimu wa Umoja wa Ulaya, ina msaada wa ziada kwa washiriki wenye ulemavu, na DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo, ina nyongeza ya namna hiyo kwa anaowafadhili. Wafadhili wengine waandikie kabla ya kujaza fomu, uulize swali moja: je, gharama za ulemavu zinalipwa nje ya kiwango cha kawaida?

Kutaja ulemavu kwenye fomu ni uamuzi wako. Maoni yangu: kama utahitaji marekebisho kwenye usaili au kwenye safari, taja mapema, kwa sababu fedha na vyumba hupangwa kabla ya wewe kufika.

Mafunzo kwa vitendo. Marekebisho ya chuo hayakufuati kazini yenyewe. Miezi mitatu kabla, mwombe mratibu wa mafunzo akupangie mahali panapofikika, na mpatembelee pamoja au upigiwe picha za mlango, choo na sehemu ya kazi. Mwandikie msimamizi wako mpya ukurasa mmoja wenye mambo matatu: ninavyofanya kazi vizuri, ninachohitaji siku ya kwanza, na nimjulishe nani kikikwama.

Muhula ukiisha, kaa na daftari lako. Futa marekebisho ambayo hukuyatumia, ongeza uliyoyakosa, badilisha orodha ya masomo na tarehe, na upeleke barua mpya kabla ratiba ya muhula unaofuata haijachapwa.